Nani Amekopa? Upatanisho wa Kisarufi na Nafsi ya Kisheria katika Usajili wa Biashara Mkoani Kilimanjaro

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna sarufi ya Kiswahili inavyoibeba dhana ya nafsi ya kisheria, yaani uwezo ambao sheria huvipa vyama na kampuni wa kumiliki mali, kukopa, kushtaki na kushtakiwa kwa majina yavyo wenyewe. Muktadha wake ni usajili wa biashara mjini Moshi na katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, eneo lenye historia ndefu ya ushirika wa kahawa. Hoja kuu ni kwamba kiambishi cha kiima katika kitenzi cha Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kuonyesha nani mdaiwa, ilhali kimilikishi -ake na neno usajili huuficha ukweli huohuo. Inapendekezwa kuwa waandishi wa fomu na katiba za Kiswahili wautumie uwezo huo kwa makusudi.

1.0 Utangulizi

Mtu anayetaka kuanzisha biashara mjini Moshi leo hahitaji kusafiri hadi Dar es Salaam akiwa na bahasha ya karatasi. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, ulioanzishwa mwaka 1999, umekuwa ukipokea maombi kwa njia ya mtandao tangu mwaka 2018. Mwombaji hufungua akaunti kwa kutumia namba ya kitambulisho cha taifa, huchunguza kama jina analolitaka halijachukuliwa, kisha hujaza taarifa za wahusika. Anayeandikisha kampuni huchapisha fomu iliyojazwa, huitia saini pamoja na wenzake, na kuipakia tena katika mfumo ikiambatana na katiba ya kampuni. Ada hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, hata kwa simu ya mkononi. Kwa hiyo mkazi wa Marangu au Kibosho anaweza kuianza na kuimaliza sehemu kubwa ya kazi hii bila kushuka mlimani.

Urahisi huu ni faida kubwa. Hata hivyo, pamoja na safari, umepunguza pia nafasi ya mazungumzo. Zamani karani au wakili aliweza kumtazama mwombaji na kumwuliza: "Ninyi hasa mnataka kuunda nini?" Sasa swali hilo linaulizwa na fomu, tena kwa maneno machache: jina la biashara au kampuni? Mwombaji huchagua kwa kubofya, na pengine huchagua lililo rahisi zaidi kwa ada au kwa idadi ya karatasi. Ilhali jibu lake ndilo litakaloamua, siku biashara itakapoanguka, kama mdai ataishia katika mali ya biashara au ataendelea hadi nyumbani kwa mwenyewe. Katika Kilimanjaro neno "nyumbani" lina uzito wa pekee, kwa kuwa mara nyingi maana yake ni kihamba, shamba la migomba na kahawa linalorithishwa kizazi hadi kizazi na ambamo wazee wamezikwa.

Suala hili kwa kawaida huachiwa wanasheria. Makala haya yanadai kuwa ni suala la isimu pia. Mwombaji hufikiri kwa Kiswahili hata pale sheria aliyonayo mbele yake ilipotungwa kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Tena Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 iliirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini Tanzania, ingawa iliacha nafasi ya kutumia Kiingereza katika mazingira maalumu. Wajibu wa kuyaeleza mambo haya kwa Kiswahili kisichoyumba umekuwa wa kisheria, na wataalamu wa lugha hawawezi kuukwepa.

2.0 Chama na Kampuni katika Historia ya Mlima

Wakulima wa Kilimanjaro walianza kukutana na maumbo ya kisheria ya biashara mapema kuliko wenzao wengi wa Tanganyika. Mwaka 1925 kiliundwa chama cha wakulima wa kahawa kilichojulikana kwa kifupisho KNPA. Bei ya kahawa iliposhuka na chama hicho kuingia katika matatizo ya fedha, serikali ya kikoloni ilielekeza juhudi katika umbo jipya. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata kikasajiliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kikiwa na vyama vya msingi chini yake. Umbo hilo lilikuwa na nafsi yake kisheria: liliweza kumiliki, kuuza na kudaiwa bila kumtaja mkulima mmojammoja.

Nafsi hiyo haikueleweka, wala kukubaliwa, kwa urahisi. Mwaka 1937 zilizuka ghasia za wakulima waliopinga sharti la kuuza kahawa yao kupitia KNCU. Kisheria chama kilikuwa cha wanachama. Kwa waliokipinga kilikuwa mtu mwingine aliyesimama baina yao na soko.

Historia ya baadaye inaonyesha kuwa nafsi ya kisheria inaweza pia kufa na kuzaliwa upya. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini. Baada ya Sheria ya Ushirika ya mwaka 1982 kuvirudisha, KNCU iliundwa tena mwaka 1984, na mwaka huo ukaingizwa ndani ya jina lake rasmi: KNCU (1984) Ltd. Kwa msemaji wa kawaida wa Moshi, KNCU ni ileile tangu enzi za babu. Kwa sheria, tarakimu zilizo katika mabano zinatofautisha watu wawili, mmoja aliyevunjwa na mwingine aliyeandikishwa baada yake.

Neno kampuni nalo lilipata maana yake ya mlimani. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika msimu wa 1994/95, wakulima walianza kuchagua baina ya kuuza "chamani" na kuuza kwa "kampuni". Upinzani huo wa kimaana, chama kuwa chetu na kampuni kuwa ya mgeni, ulikuwa wa kijamii zaidi kuliko wa kisheria. Kampuni ya kukoboa kahawa iliyoanzishwa Moshi mwaka 1920, TCCCo, ni kampuni yenye hisa, na vyama vya ushirika ni miongoni mwa wenye hisa hizo. Kwa maneno mengine, chama kinaweza kuwa sehemu ya wenye kampuni. Hata alama ya Ltd haitoshi kutenganisha maumbo haya, kwa sababu imo katika jina la KNCU ambayo si kampuni.

3.0 Kusajili na Kuunda

Tatizo la kwanza la kilugha limo katika kitenzi sajili. Maana yake ya msingi ni kuandika katika daftari rasmi kitu ambacho tayari kipo. Mtoto huzaliwa kwanza, ndipo kizazi chake kisajiliwe. Gari huundwa kiwandani, ndipo lisajiliwe. Maana hiyo inalifaa kabisa jina la biashara. Mtu aitwaye kwa jina lake yupo, ana duka lake, na sasa anaandikisha jina atakalolitumia dukani. Baada ya kupata cheti bado yuko mmoja, isipokuwa ana majina mawili.

Kampuni haiko hivyo. Kabla ya kuandikishwa haipo. Uandikishaji wenyewe ndio uzazi wake, na cheti chake ni ushahidi wa kuzaliwa. Kanuni hii ilithibitishwa na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 1897 katika kesi ya Salomon, mfanyabiashara wa viatu aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni ambayo karibu hisa zake zote zilikuwa zake mwenyewe. Kampuni ilipofilisika, wadai walisema kuwa Salomon na kampuni ni kitu kimoja. Mahakama ilikataa: walikuwa watu wawili. Kanuni hiyo iliingia katika sheria za nchi zilizotawaliwa na Uingereza, Tanganyika ikiwamo.

Kiingereza cha sheria kina vitenzi viwili tofauti kwa mambo haya mawili. Kiswahili cha kila siku kina kimoja. Yote mawili huitwa kusajili, na nyaraka zote mbili huitwa cheti cha usajili. Ndiyo maana si ajabu kumsikia mtu aliyeandikisha jina la biashara tu akisema, kwa nia njema kabisa, "Nimesajili kampuni yangu." Hajasema uongo kwa kipimo cha lugha yake, lugha haijampa neno la kumwonya.

Ushirika umeongeza neno la tatu. Ofisa anayeandikisha kampuni ni Msajili, lakini anayeandikisha vyama vya ushirika ni Mrajis. Maneno haya yana asili tofauti: la kwanza limetokana na kitenzi cha Kiarabu, la pili lina sura ya kitenzi rajisi, kilichotoholewa kutoka Kiingereza. Kwa bahati, tofauti hii ya nasaba imegeuka kuwa na manufaa. Asikiaye "Mrajis" katika muktadha wa Tanzania Bara huelewa mara moja kuwa habari ni ya ushirika. Hapa jozi ya visawe imegawana kazi, jambo ambalo sajili na unda bado havijafanya.

4.0 Kiambishi cha Kiima kama Kielelezo cha Mdaiwa

Tazama sentensi zifuatazo:

(1) a. Mwenye duka amekopa.
b. Wakulima wamekopa.
c. Chama kimekopa.
d. Kampuni imekopa.

Katika kila sentensi kiambishi cha kiima kinamtaja mkopaji mara ya pili. Hata nomino ikidondoshwa, amekopa, wamekopa, kimekopa na imekopa hubaki vikitofautiana. Kiswahili, tofauti na lugha nyingi zisizo na ngeli, kinamlazimisha msemaji kuamua kabla ya kutamka kitenzi: nani amebeba tendo hili? Kwa mwanasheria huo ndio msingi wa swali la deni. Katika (1b) kila mkulima anaweza kuulizwa fungu lake. Katika (1c) anayeulizwa ni chama.

Mpaka huu unaonekana vizuri zaidi katika tamko la waanzilishi wa kampuni. Kwa Kiswahili linaweza kuandikwa hivi:

(2) Sisi ambao majina yetu yameandikwa hapa chini tunakubali kuunda kampuni, na kampuni hiyo itamiliki mali na itawajibika kwa madeni.

Sentensi hii huanza kwa tu- na kuishia kwa i-. Kati ya viambishi hivyo viwili ndipo mtu mpya anapozaliwa. Waanzilishi hutia saini kama nafsi ya kwanza wingi. Kesho yake, mbele ya benki, "sisi" hana tena nafasi katika mkataba wa kampuni. Inafaa kukumbuka kuwa neno nafsi katika Kiswahili ni istilahi ya sarufi na ya sheria kwa pamoja, na katika (2) mabadiliko ya nafsi ya kisarufi yanakwenda sambamba na kutokea kwa nafsi ya kisheria.

Hata hivyo uhusiano huu si kamili. Sheria humwita kampuni "mtu", lakini sarufi haimpi upatanisho wa mtu:

(3) a. Kiongozi amefika.
b. Kipofu amefika.
c. *Kampuni amefika.

Kiongozi na kipofu vina umbo la ngeli ya KI-VI, lakini uhai huvivuta katika upatanisho wa A-WA. Kampuni haivutwi. Kigezo cha Kiswahili ni uhai, wala si uwezo wa kuwajibika. Matokeo yake ni kwamba kifungu cha sheria kisemacho "mtu yeyote anayekiuka" kinaihusu kampuni kwa mujibu wa tafsiri ya sheria, ilhali msomaji wa kawaida, akiongozwa na a-, humwona binadamu tu. Afadhali mwandishi aseme wazi "mtu au kampuni" pale maana inapodai hivyo.

Mtego mkubwa zaidi ni huu:

(4) Duka limekopa.

Kisarufi (4) haina kosa, na inafanana kwa muundo na (1c) na (1d). Lakini ikiwa duka hilo limeandikishwa kama jina la biashara tu, (4) ni sahihi katika lugha na ni tupu katika sheria. Duka haliwezi kukopa. Aliyekopa ni mwenyewe, na kama ni wabia, waliokopa ni wabia. Sarufi imelipa duka nafsi ambayo sheria haikulipa. Chukua mfano wa kubuni wa akina mama watatu wa Kibosho wanaokaanga na kufungasha kahawa, wakaandikisha jina zuri la biashara na kuendelea kusema "biashara imekopa", "biashara italipa". Kila wanapolitamka i- hilo wanajiona wako nyuma ya ukuta, na ukuta haupo. Siku ya kudaiwa, i- itageuka wa-, na wa- hao wana vihamba.

5.0 Kimilikishi -ake

Kama kiambishi cha kiima hufichua, kimilikishi cha nafsi ya tatu umoja huficha:

(5) Mkurugenzi aliieleza benki kwamba kampuni italipa deni kwa mali yake.

Mali ya nani? Shina -ake hupatana na kinachomilikiwa, si na anayemiliki. Yake katika (5) inaweza kurejelea kampuni, mkurugenzi, na hata benki. Ngeli ya mmiliki, ambayo ingetuokoa, haionekani popote. Katika mazungumzo muktadha hutatua utata huu. Katika mkataba wa mkopo, utata huo ndio unaopelekwa mahakamani.

Tiba yake ni nyepesi na imo ndani ya lugha:

(6) Mkurugenzi aliieleza benki kwamba kampuni italipa deni kwa mali ya kampuni.

Mwalimu wa insha angeweza kulalamika kuwa neno kampuni limerudiwa. Katika nathari ya kawaida malalamiko hayo yangekuwa na haki. Katika hati ya kisheria urudiaji ni fadhila, na hofu ya kurudia ndiyo kasoro.

Ni lazima kuongeza hapa kuwa ukuta wa kampuni una mlango. Benki huweza kumtaka mkurugenzi atie saini ya pili, akiwa mdhamini binafsi wa mkopo wa kampuni. Hapo a- hurudi: kampuni imekopa, na mkurugenzi amedhamini. Anayesoma hati hiyo kwa makini atauona mlango katika kitenzi, mradi mwandishi hakuufunika kwa -ake.

6.0 Istilahi Zinazogongana

Juhudi za kuunda istilahi za sheria kwa Kiswahili si mpya. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na orodha ya istilahi za sheria ilikwisha kutolewa Dar es Salaam mwaka 1968. Kinachohitajika sasa ni kuzipima istilahi zikiwa katika mfumo, si mojamoja. Mifano mitatu inatosha.

Kwanza, dhima na dhamana. Kampuni ambayo wenye hisa hawadaiwi zaidi ya thamani ya hisa zao huelezwa na baadhi ya watumiaji kuwa ina "dhima yenye ukomo", na wengine husema "dhamana yenye ukomo". Chaguo la pili linaonekana halina madhara hadi tunapokutana na aina nyingine ya kampuni, isiyo na hisa, ambayo wanachama wake huahidi kuchangia kiasi fulani ikivunjwa. Ahadi hiyo ndiyo dhamana hasa. Tukiwa tumekwisha kulitumia neno dhamana kwa maana ya dhima, aina hizi mbili hazitofautishiki tena. Kwa hiyo dhima ibaki kuwa wajibu wa kulipa, na dhamana ibaki kuwa ahadi ya kulipa inayotolewa kwa ajili ya mwingine au kwa tukio maalumu.

Pili, mwanachama na mwanahisa. Katika ushirika mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Katika kampuni ya hisa, kwa kawaida kura hufuata hisa. Neno hisa hutumika pote pawili, na mkulima aliyelelewa katika ushirika anaweza kuingia katika kampuni akidhani kuwa kura yake italingana na ya mwenzake. Kuwaita wenye kampuni ya hisa "wanachama", kwa kufuata tafsiri ya neno la Kiingereza, huongeza upotofu huo, kwani neno lenyewe limebeba chama tumboni. Mwanahisa ni bora.

Tatu, mmiliki manufaa. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yaliitaka kampuni imtaje binadamu ambaye hatimaye anaimiliki au kuidhibiti, hata kama jina lake halimo katika daftari la hisa. Istilahi hii imekosolewa kwa kukosa kihusishi cha -a. Kimuundo inaweza kutetewa. Kiswahili kina nomino tendaji zinazochukua yambwa moja kwa moja, kama mlipakodi na mpiga ngoma, ambazo huishia kwa -a. Nomino ziishiazo kwa -i, kama mpishi, hudai kihusishi: mpishi wa chai. Kitenzi miliki kimekopwa kutoka Kiarabu kikiwa na -i yake, kwa hiyo umbo mmiliki halituambii liko upande upi. Mmiliki manufaa limefuata njia ya mlipakodi. Tatizo lake ni la maana: msikiaji huelewa mtu anayepata faida tu, na dhana ya udhibiti hupotea. Maelezo mafupi ndani ya fomu yangetosha kuliziba pengo hilo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa Kiswahili hakina upungufu wa kueleza nafsi ya kisheria. Kinachokosekana ni nidhamu ya kutumia kilichopo. Mapendekezo manne yanatokana na uchambuzi huu. Neno kusajili lipunguziwe mzigo: jina la biashara lisajiliwe, kampuni iundwe kwa kusajiliwa. Vifungu vya madeni viandikwe kwa viima vilivyo wazi, na -ake iepukwe popote penye wamiliki wawili wanaowezekana. Istilahi dhima na dhamana zitenganishwe katika hati zote. Na kila fomu inayomtaka mwombaji achague baina ya jina la biashara na kampuni iweke kando ya chaguo hilo sentensi mbili: "Deni la biashara hii utadaiwa wewe mwenyewe", "Deni la kampuni hii itadaiwa kampuni."

Tofauti baina ya utadaiwa na itadaiwa ni silabi moja. Mkulima wa Kibosho au Marangu huitamka mara nyingi kwa siku bila kukosea. Fomu ikimwonyesha silabi hiyo kabla hajabofya, atajua anachoweka rehani.